Pigo la Kumi na Saba

Watu mia na ishirini walimtazama Ibrahimu Mbaruku akifa, na alipokwisha kufa walimpigia makofi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, katikati ya Uwanja wa Kengele mjini Tanga. Kwa wiki tatu uwanja ule mkongwe ulikuwa mikononi mwa watu wa sinema. Walimwaga mchanga juu ya lami, wakafunika vibao vya maduka kwa magunia ya katani, wakapandisha bendera ya Mjerumani juu ya lile jengo la matao ambalo mababu waliliita Korti. Siku hiyo walikuwa wanapiga picha ya hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano ambavyo watu wa pwani hii walichapwa mbele ya ndugu zao zama za Wajerumani. Ibrahimu alilazwa kifudifudi juu ya benchi, akafungwa mikono na miguu, akaambiwa ahesabu kila pigo kwa sauti. Kiboko kilikuwa cha mpira. Mgongoni, chini ya kanzu, alishonewa sponji nene. Mwongozaji alipotangaza mwisho, umati uliovaa kaniki na vilemba ulishangilia kazi nzuri. Ibrahimu hakuinuka.

Walipotambua kwamba amekufa kweli, walimgeukia aliyekuwa ameshika kiboko.

Huyo alikuwa Sele, mcheza ngoma wa Ngamiani aliyepewa nafasi ya askari. Walimpiga kwa vigoda, kwa mawe, kwa mikono mitupu, na kofia yake nyekundu ikakanyagwa mchangani. Polisi walimkuta amejikunja chini ya meza ya chai, taya limevunjika mahali pawili, jicho moja halifunguki.

Mkaguzi Benedikta Shekiondo alikwenda kumhoji hospitalini asubuhi ya Ijumaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Lushoto, mwenye miaka kumi na tisa katika upelelezi na sifa ya kumaliza majalada haraka. Mlangoni pa wodi alimkuta Sajini Hasina akilinda. Sele alifungwa pingu kwenye kitanda, na meno yake yamefungwa waya, hivyo maneno yalimtoka kwa shida, mengine kwa kuandika.

Alikiri kwamba yeye na Ibrahimu walikosana. Wiki iliyopita, kwenye baraza la kahawa, Ibrahimu alimvunja jino kwa kofi kwa sababu alichelewa kumpisha akae. Ndivyo alivyokuwa, Sele aliandika, mkono wake ulitangulia mdomo wake. Lakini kumuua hakumuua. Alichapa mapigo yote ishirini na matano kwa kiboko cha mpira alichopewa, wala hakuongeza nguvu hata mara moja.

"Alinyamaza ulipofika pigo la ngapi?" Benedikta aliuliza.

Sele alifumba lile jicho zima akafikiri. Kisha akaandika: kumi na saba.

"Na kwa nini hukusimama?"

Sele aliandika polepole zaidi. Nilisimama. Niliambiwa niendelee.

Benedikta alikuwa bado ameishika karatasi ile daktari alipomwita chumba cha maiti. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Mgongo wa marehemu, alisema, haukuwa na alama ya maana, mwekundu kidogo tu kama wa mtu aliyelala juu ya mkeka. Akamgeuza maiti. Chini ya titi la kushoto palikuwa na tundu dogo kiasi cha punje ya mtama, ambalo jana lilifichwa na damu ya bandia ya watu wa sinema iliyomtapakaa mwili mzima. Alikuwa amelifuata kwa ndani. Kitu chembamba cha chuma, chenye urefu wa shibiri, kiliingia kati ya mbavu mbili na kutoboa moyo. Kilichomekwa, kikatolewa, kikachomekwa tena kupitia tundu lile lile.

"Kimetoka upande gani?"

"Mbele. Kama alikuwa amelala kifudifudi, basi kimetoka chini."

Benedikta alimwagiza Hasina amfungue Sele pingu, akaondoka na Koplo Jumbe kwenda Uwanja wa Kengele.

*

Uwanja ulikuwa umezungushiwa kamba. Nje ya kamba walisimama watu kama sitini, wengi wao wale wale wa jana, wakingoja kujua kama kazi itaendelea. Benchi lilikuwa pale pale, chini ya nguzo ya bendera. Jumbe, Mdigo wa Mkinga mwenye mwili wa mbeba mizigo, alilipiga picha pande zote kabla hawajaligusa.

Lilitengenezwa kwa mbao mbili nene zilizoachiana nafasi ya vidole vinne. Pembeni kote lilizungushiwa kaniki nyeusi iliyogusa mchanga. Benedikta aliinua kaniki akaingiza kichwa. Chini mlikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mzima kulala chali. Kwenye kingo za ndani za mbao zile damu ilikuwa ya aina mbili: nyekundu iliyong'aa na kunata kama asali, na nyingine iliyokauka kahawia. Hii ya pili nzi walikuwa juu yake.

Mwongozaji wa sinema aliitwa Ritha Kimambo, mwanamke mrefu kutoka Dar es Salaam ambaye tangu jana hakuwa amebadili nguo. Alieleza kwamba ule upenyo katikati ya benchi uliachwa makusudi ili upite mrija wa damu. Mtu wa damu alikaa nyuma ya nguzo ya tao la Korti, akisukuma kwa bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, na damu ikapanda kwa mrija hadi kwenye kanzu. Kaniki ilikuwa ya kuficha mrija.

Benedikta alimuuliza alisimamisha kazi lini baada ya Ibrahimu kunyamaza. Ritha akasema alisimamisha mara moja.

"Nionyeshe picha."

Ritha alisitasita, kisha akawasha kioo kidogo kwenye meza yake. Wakatazama watatu. Kiboko kilipanda na kushuka. Sauti ya Ibrahimu ilikuwa nzito na ya majivuno, ikitamka hesabu kama anayewakejeli wanaomchapa. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Kwenye pigo la kumi na saba alifungua kinywa, na badala ya hesabu ukatoka mlio mfupi, kama wa mtu aliyepaliwa na maji. Miguu ilikakamaa hadi kamba za katani zikamchana vifundo. Kichwa kiligonga ubao mara tatu. Sele alionekana akiinama kumtazama, kiboko kikining'inia. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke asiyeonekana: endelea Sele, usisimame, hiyo ni nzuri sana.

Mapigo mengine manane yakafuata, juu ya mtu anayetetemeka, kisha juu ya mtu asiyetetemeka.

Ritha alikiweka kioo kifudifudi. Alisema alidhani Ibrahimu anaigiza. Alisema hajawahi kuona mtu akiigiza vizuri namna ile. Benedikta alimwambia Jumbe aandike kwamba shahidi alitoa maelezo mawili yanayopingana, kisha akamuuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kulifikia benchi baada ya kazi kusimama.

"Ayubu," Ritha alisema. "Yule wa damu. Nadhani ndiye aliyemfungua kamba. Watu wote walikuwa wanamkimbilia Sele."

"Asubuhi ile ulimwona nyuma ya nguzo?"

Ritha akafikiri. Alimwona saa mbili, kabla umati haujaruhusiwa kuingia. Baada ya hapo hakumwona, lakini damu ilitoka kila alipoitaka, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumtafuta. Na pale benchini, alipokuwa amelowa nyekundu hadi mabegani, hakuna aliyeshangaa. Alikuwa analowa kila siku.

"Kazi ya Ibrahimu, nani alimpa?"

"Ayubu ndiye aliyemleta. Nilitaka mtu mwenye mgongo mpana. Akasema shemeji yake anao."

Jumbe alikuwa ameubeba mfuko wa vielelezo vilivyochukuliwa jana kando ya benchi. Benedikta akatoa mrija, mpira mwembamba kama ule wa dripu, akampa ncha moja aipeleke chini ya benchi. Yeye akaivuta nyingine kuelekea nguzo ya tao. Mrija uliishia mkononi mwake kabla hajafika nusu ya njia. Akapima kwa futi ya fundi cherehani: mita mbili na robo. Kutoka benchini hadi nguzoni palikuwa mita sita. Ncha aliyoishika ilikuwa imekatwa kwa kisu, mkato mpya, usio na vumbi.

"Aliukata akaingia nao chini," Jumbe alisema.

"Alilala humo kwa muda wa saa mbili nzima," alisema Benedikta. "Yuko wapi sasa?"

*

Ayubu alikuwa katika chumba cha mwisho cha Korti, chini ya matao, ambacho watu wa sinema walikifanya stoo. Kulikuwa na jiko la gesi, na juu yake sufuria kubwa iliyokuwa ikitokota: sukari, rangi nyekundu ya kupikia na kakao kidogo. Ukutani zilining'inia kanzu zenye sponji. Juu ya meza kilikaa kigogo cha mnazi kilichochomekwa shazia tano, zile sindano ndefu za kushonea magunia, kila moja na mpini wa mti. Tundu la sita lilikuwa tupu.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Alisimama walipoingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

Akaendelea kukoroga. Benedikta alimuuliza kwa nini anachemsha damu wakati kazi imesimama, naye akasema ikipoa hugeuka jiwe, na sufuria si yake. Alimuuliza alikuwa wapi wakati wa picha. Nyuma ya nguzo. Nani alimwona? Hakuna, kwa sababu kazi yake ni kutoonekana. Alimuuliza kuhusu marehemu, akasema alikuwa mume wa dada yake, na dada yake alishatangulia mbele ya haki, lakini udugu haukuisha. Yote haya aliyasema kwa utaratibu, macho yakiwa kwenye sufuria.

Benedikta aliuweka mrija juu ya meza, akaunyoosha.

"Huu ni wako?"

Ayubu aliutazama. Kijiko kikaacha kuzunguka.

"Ndiyo."

"Basi nionyeshe unavyofika nguzoni."

Ayubu alikiachia kijiko. Kisha akaishika sufuria kwa masikio yake mawili, mikono mitupu, na kummwagia Jumbe aliyesimama mlangoni.

Sukari ya moto haichuruziki kama maji. Hushika. Ilimshika Jumbe shingoni, begani na upande mmoja wa uso, naye akalia kilio ambacho watu wa nje ya kamba walikisikia, akaanguka akijichubua ngozi kwa kucha zake. Benedikta alimrukia Ayubu akamkaba kwa nyuma. Ayubu alichomoa shazia kwenye kigogo na kuisukuma nyuma bila kutazama. Iliingia chini ya kiwiko cha Benedikta, ikapita kati ya mifupa miwili ya mkono na kutokea upande wa pili. Aliuona mpini umeganda kwenye nyama yake kabla hajasikia maumivu. Mkono ukaachia wenyewe. Ayubu alimruka Jumbe na kutokea uwanjani, viganja vimeungua, amelowa nyekundu kifuani.

Watu waliona mtu mwekundu anakimbia. Nyuma yake waliona polisi mwanamke anatoka chini ya tao, bastola katika mkono wa kulia, mkono wa kushoto umechomwa kama mshikaki. Hawakuhitaji kuelezwa. Kamba ilikatika kwa uzito wao.

Jiwe la kwanza lilimpata Ayubu kisogoni, la pili mdomoni. Aliangukia magoti karibu na benchi. Mtu mmoja alimkanyaga mkono. Wawili walimshika miguu wakamburura kwenye mchanga, na mwanamke mtu mzima aliyekuwa bado na kaniki ya jana alimpiga usoni kwa kisigino cha kiatu, mara nyingi, kwa nguvu sawa kila mara, kama anayetwanga. Waliokuwa nyuma wakalipindua benchi na kung'oa mguu wake. Jana walikuwa wamempiga mtu ambaye hakufanya kitu, na leo walipiga zaidi kwa sababu hiyo.

Benedikta alifyatua risasi juu. Hakuna aliyegeuka. Akafyatua ya pili, akawasukuma kwa bega, akajitupa juu ya Ayubu na kumfunika. Mguu wa benchi ulimshukia mgongoni yeye kabla aliyeushika hajaona anampiga nani. Akasikia kitu kikilia ndani ya bega lake. Akainua bastola kwa mkono uliobaki, akamwelekezea mtu yule usoni.

"Atakayempiga tena nitamuua," alisema. Hakupaza sauti.

Wakarudi nyuma hatua moja, kisha mbili. Huko mbali king'ora cha gari la polisi kilikuwa kinakuja. Hakuinuka. Ayubu alikuwa anahema chini yake, damu na vipande vya meno vikimtoka mdomoni, safari hii damu yake.

"Hunikumbuki," Ayubu alisema.

Benedikta alimtazama.

"Tongoni, miaka minne sasa. Dada yangu Mwamvua." Alitema, akavuta pumzi. "Ulikuja kwa pikipiki. Ulikaa dakika ishirini, ukaandika ameteleza kisimani. Ibrahimu ndiye aliyekwambia ameteleza. Shangazi zangu waliomwosha walisimama mlangoni, walitaka kukwambia alama za kipigo walizoziona mwilini mwake. Ulisema una safari ya Maramba, usije ukakutwa na mvua njiani."

Gari la polisi likasimama pembeni ya uwanja. Askari wanne wakaruka. Benedikta aliwaacha wamtwae, na mmoja alipotaka kuuvuta ule mpini mkononi mwake alimkataza. Akawaonyesha mlango wa stoo, alikolala Jumbe.

*

Alasiri Ayubu alitoa maelezo yake hospitalini, amelazwa, viganja vimefungwa bandeji. Benedikta, shazia ikiwa imeshatolewa na mkono umetundikwa shingoni, alimsomea onyo: halazimiki kusema chochote, na lolote atakalosema litaandikwa na huenda likatumika mahakamani. Sajini Hasina akaandika.

Ayubu hakuficha. Kwa miaka mitatu alikwenda kula sikukuu nyumbani kwa Ibrahimu, akacheka naye, akasubiri. Watu wa sinema walipokuja na benchi lao, akajua. Ibrahimu alifahamu kwamba Ayubu yuko chini, alidhani ni utaratibu wa kazi, na kabla umati haujaingia walizungumza kupitia ule upenyo, habari za mpira.

Benedikta aliuliza kwa nini pigo la kumi na saba.

"Hapana sababu," Ayubu alisema. "Nilikuwa natafuta nafasi kati ya mbavu. Alikuwa anatikisika sana."

"Ulimwona Sele akipigwa?"

"Nilimwona."

"Hukusema kitu."

Ayubu aligeuza uso ukutani. Alisema kwamba hilo ndilo analojuta, wala hana jingine. Akaomba Sele aambiwe hivyo, na Benedikta akasema atamwambia mwenyewe. Maelezo yakasomwa, Ayubu akatia dole gumba kwa kuwa hakuweza kushika kalamu.

Huko nje kwenye korido, daktari aliwaambia kwamba jicho moja la Koplo Jumbe litapona na jingine bado hajui. Hasina alikusanya karatasi zake, akasema jalada sasa limekamilika na mkuu wa upelelezi atafurahi, siku mbili tu.

Benedikta aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akamwambia afungue karatasi mpya.

"Ya nani, afande?"

"Ya kifo cha Mwamvua Shekhe, Tongoni. Aliuawa. Mimi ni shahidi, na shahidi hawezi kujihoji mwenyewe. Jumatatu mkuu atampa mtu mwingine, lakini leo anza wewe."

Hasina akaketi mbele yake, akaandika tarehe, akamuuliza jina lake kamili, umri wake, kabila lake na kazi yake, kama anavyoulizwa mtu yeyote, na Benedikta akajibu kimoja kimoja. Akamuuliza alifika Tongoni saa ngapi, aliongea na nani, aliondoka saa ngapi.

"Na mwili wa marehemu," Hasina aliuliza, "uliuona?"

Muuguzi alipita akisukuma kitanda kitupu. Benedikta alingoja magurudumu yapite.

"Hapana," alisema. "Andika hapana."